Maswali ya Wasomaji: Jenomu ya Binadamu, na Ruhusa ya Nani

Barua zilizofika kuhusu usomaji wa jenomu ya binadamu ni nyingi kuliko kurasa zetu, na nyingine zimeuliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimechagua nane ambazo zinabeba na zile zilizobaki. Katika majibu yote nitatumia neno DNA kwa uzi unaobeba maagizo ya urithi, ambao ofisi za serikali ya Tanzania huuita vinasaba. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye agizo la kutengeneza kitu fulani mwilini. Na jenomu ni jumla ya uzi wote wa mtu, mwanzo hadi mwisho.

*Kitabu kimoja nifundishiacho kinasema jenomu ya binadamu ilikamilika mwaka 2000, kingine kinasema 2003, na wanafunzi wangu wamesoma kwenye simu kwamba ilikamilika 2022. Niwafundishe lipi?*
— Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Wafundishe yote matatu, Mwalimu, ila uwaeleze kwa nini neno "kukamilika" limetangazwa mara tatu. Mradi ulianza rasmi Oktoba 1990 kwa uongozi wa Marekani, na maabara za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Japani na China zikashiriki. Lengo lilikuwa kusoma kwa mpangilio herufi zipatazo bilioni 3, yaani zile kemikali nne ambazo wanasayansi huziandika A, T, G na C, zilizojipanga katika kromosomu zetu, yaani vifurushi vya uzi huo, ambavyo kila seli ya kawaida inavyo jozi 23.

Hakukuwa na mashine ya kusoma uzi mrefu namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Uzi ulikatwa vipande, vipande vikazalishwa kwa wingi ndani ya bakteria, kisha vikasomwa herufi mia chache kwa wakati mmoja, na kompyuta ikaviunga pale mwisho wa kipande kimoja ulipolandana na mwanzo wa kingine. Waambie wanafunzi wafikirie kanga kadhaa za aina moja zilizochanwa ovyo, nao wapewe kazi ya kuirudisha kanga moja nzima. Kipande chenye maneno ya jina hakina taabu, na cha mji nacho hupata mahali pake. Taabu iko kwenye pindo, kwa sababu ua ni lilelile linajirudia, na ukishika kipande cha pindo mkononi huwezi kujua kama ni cha kushoto, cha kulia au cha katikati. Jenomu yetu ina sehemu nyingi za pindo.

Tangazo la Juni 26, 2000, lililotolewa Ikulu ya Marekani na Rais Bill Clinton, huku Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair akishiriki kwa setilaiti, lilihusu rasimu tu. Liliharakishwa na mashindano. Mwaka 1998 Craig Venter alikuwa ameanzisha kampuni ya Celera na kuahidi kumaliza kazi hiyo mapema kuliko mradi wa umma uliokuwa ukiongozwa na Francis Collins, na siku ile wawili hao walisimama pamoja kana kwamba walikimbia timu moja. Tofauti yao ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana pichani, kwa kuwa wanasayansi wa mradi wa umma walikubaliana huko Bermuda mwaka 1996 kwamba herufi walizosoma zitatolewa hadharani ndani ya saa 24, bure, kwa yeyote, ilhali kampuni ilitaka kuuza huduma ya kuziona. Mimi naona makubaliano ya Bermuda yana uzito kuliko sherehe yote ya Ikulu, maana bila hayo mwanafunzi wako leo asingeweza kufungua jenomu hiyo kwenye kompyuta bila kumlipa mtu.

Aprili 2003, miaka 50 tangu wanasayansi Watson na Crick waeleze umbo la DNA, mradi ulitangaza kwamba umemaliza, na kweli ulikuwa umesoma karibu kila kilichowezekana kusomwa kwa mashine za wakati ule. Lakini ikipimwa jenomu yote, ilikuwa kama asilimia 92. Asilimia 8 zilizobaki ndizo zile pindo. Zilisubiri mashine zinazoweza kusoma vipande virefu vya maelfu ya herufi, na pia zilisubiri seli za namna ya pekee: watafiti walitumia seli zilizotokana na mimba zabibu, aina ya mimba isiyokua kuwa mtoto, ambayo hubeba urithi wa upande wa baba tu uliojirudufu, hivyo hapakuwa na nakala mbili zinazotofautiana za kumchanganya msomaji. Matokeo yalichapishwa Machi 2022, na kromosomu Y, ile ya wanaume, ambayo haikuwamo katika seli zile, ikafuata mwaka 2023.

Ongeza jambo moja ambalo wanafunzi hulipenda. Kabla ya mradi, wengi walidhani binadamu ana jeni kama 100,000. Zilipatikana takriban 20,000 zinazotengeneza protini.

*Mwanangu ana miaka sita na anaugua selimundu. Nasikia kila siku kwamba sayansi ya jenomu italeta tiba. Kwa mtoto wangu mimi kuna nini?*
— Mama wa watoto watatu, Mwanza

Pole, mama, na Mungu akupe nguvu. Nitaanza na kilichopo leo, kwa sababu hicho ndicho kitakachomsaidia mtoto: asikose kliniki, ahudumiwe kwa dawa na chanjo alizopangiwa, alale ndani ya chandarua kila usiku, anywe maji ya kutosha, apelekwe hospitali mara tu homa inapopanda, na umuulize daktari wake kuhusu haidroksiyurea, dawa ambayo hupunguza mashambulizi ya maumivu kwa watoto wengi.

Sasa jenomu. Selimundu ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yaliyotangulia kueleweka. Kufikia miaka ya 1950 wanasayansi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, na kwamba hemoglobini hiyo imebadilika mahali pamoja tu. Leo tunajua ni herufi moja, A iliyogeuka T, kwenye kromosomu ya 11. Kwa hiyo haikuhitajika ramani ya jenomu kujua chanzo, na bado watoto waliendelea kufa kwa zaidi ya nusu karne huku chanzo kikijulikana. Nakwambia hivi ili mtu asikudanganye kwamba ugonjwa ukishasomwa umeshatibika.

Ramani ilisaidia kwa njia ya kuzunguka. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ambayo haizipindi seli za damu zikawa kama mundu, na baada ya kuzaliwa mwili huizima taratibu. Baadhi ya watu hawaizimi kabisa, na wagonjwa wa selimundu walio na bahati hiyo huugua kidogo. Mwaka 2007 na 2008, watafiti walipolinganisha jenomu za watu wengi, wakiwamo wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, waliona kwamba tofauti hiyo inahusiana na jeni iitwayo BCL11A, iliyo kwenye kromosomu ya 2, mbali kabisa na ile ya hemoglobini. Hakuna aliyekuwa ameitilia shaka. Ikabainika kwamba ndiyo inayozima hemoglobini ya mtoto wa tumboni. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa tiba iitwayo Casgevy: seli za mgonjwa mwenyewe hutolewa, swichi ya BCL11A hukatwa ndani ya seli hizo maabara, kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uloto wake, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, na kurudishiwa seli zilizorekebishwa. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023 na Marekani ikafuata Desemba, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12.

Bei yake nchini Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, achilia mbali wiki za kulazwa. Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Fanya hesabu hiyo, mama, utaona kwa nini mimi nikiulizwa kuhusu maadili ya jenomu huwa sianzi na wanasayansi wanaocheza na uumbaji. Huanza na bei. Wapo watafiti wanaotafuta namna ya kufanya marekebisho hayo kwa sindano, bila kutoa seli nje wala kusafisha uloto, na hiyo ndiyo njia inayoweza kufika Mwanza siku moja. Haijawa tayari.

Kuhusu watoto wako wengine wawili, wapimwe. Wewe na baba yao, kama nyote mna chembe ya selimundu bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wengi huielewa vibaya hesabu hii na kusema wa kwanza ameshaugua, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Wala msilaumiane. Chembe hiyo imeenea Kanda ya Ziwa na pwani kwa sababu moja inayoeleweka, kwamba mwenye nayo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na babu zenu waliokuwa nayo ndio waliopona wakazaa.

*Je, ni kweli DNA yetu na ya sokwe inafanana kwa asilimia 99?*
— Msomaji, Nakuru

Kwa sehemu zinazoweza kupangwa ubavu kwa ubavu, ndiyo, ni karibu asilimia 99 kwa sokwe mtu. Lakini zipo sehemu zilizoongezeka, kupungua au kuhama ambazo hesabu hiyo huziacha nje, na ukizihesabu kufanana kunapungua. Kati yako na jirani yako, tofauti ni kama herufi moja katika kila elfu moja.

*Wazee wetu walituambia tuna asili ya Shirazi. Shuleni tulifundishwa kwamba hizo ni hadithi za kujitukuza. Sasa nasikia DNA ya makaburi ya pwani imepimwa. Nani alikuwa mkweli?*
— Mzee wa Kisauni, Mombasa

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, na jibu lake halitampa ushindi kamili mtu yeyote barazani.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya kale ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Kwa wengi wa waliozikwa mijini, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na sehemu kubwa ya uliobaki ulitoka Asia. Watafiti walipotazama DNA inayopita kwa mama peke yake, waliikuta karibu yote ni ya Kiafrika. Walipotazama kromosomu Y, inayopita kutoka baba kwenda kwa mwana, waliikuta kwa wengi ni ya Asia. Na Asia yenyewe, kabla ya mwaka 1500 hivi, ilikuwa hasa Uajemi (Iran ya leo, ulipo mji wa Shirazi), pamoja na kiasi kidogo cha India. Urithi wa Bara Arabu uliongezeka baadaye. Kuchanganyika kulianza kufikia mwaka 1000 hivi.

Kwa hiyo wazee waliosimulia kwamba walikuja watu kutoka Uajemi hawakutunga, na habari za kale za Kilwa zimepata shahidi asiyetarajiwa. Waliosema kwamba Waswahili ni Waafrika nao hawakukosea, maana mabibi waliowapokea wageni hao ndio waliozaa mji, na lugha iliyobaki kinywani mwa watoto ni ya kwao, si Kiajemi. Aliyeshindwa ni yule aliyedai kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa tayari kwenye jahazi. Nyumba na makaburi yaliyochimbwa yanaonyesha miji iliyokua kutoka vijiji vya watu wa hapahapa.

Naomba uzingatie mambo mawili kabla hujalipeleka jibu hili msikitini. Makaburi mengi yaliyochimbwa yalikuwa karibu na misikiti na katika sehemu za watu wenye hadhi, hivyo hayawasemei wavuvi, wakulima na watumwa wa miji hiyo. La pili ni kwamba Uswahili haujawahi kutolewa na maabara. Mtu anayeishi, kuoa, kuzika na kutukana kwa Kiswahili hahitaji cheti cha kromosomu, na ningesikitika kuona familia mbili za Mji wa Kale zikigombania asilimia.

Kuhusu kama ilikuwa halali kuchukua mifupa ya Waislamu, hilo ni swali la haki kabisa. Marehemu hawezi kuombwa ruhusa, na DNA yake inawahusu wajukuu ambao majina yao hayajulikani, kwa hiyo ruhusa inayoweza kutafutwa ni ya jamii inayoishi jirani na makaburi na ya mamlaka za mambo ya kale. Mtafiti ambaye hajaketi na wazee kabla ya jembe la kwanza, kibali chake cha serikali hakitoshi.

*Watafiti walikuja kijijini kwetu wakachukua damu, tukaweka sahihi. Baadaye tukasikia damu imepelekwa nje ya nchi. Kwa nini wanataka damu ya Waafrika, na wakigundua kitu, mali ni ya nani?*
— Mwenyekiti wa kitongoji, Mkoa wa Manyara

Mwenyekiti, ninyi mna haki ya kuuliza hata baada ya sahihi, na nitaligawa swali lako.

Kwanza, kwa nini Afrika. Ile jenomu iliyotangazwa mwaka 2003 haikuwa ya wanadamu wote. Karibu asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja asiyetajwa jina, aliyejitolea mjini Buffalo, Marekani, baada ya tangazo la gazeti. Utafiti wa magonjwa uliofuata ulifanywa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini binadamu ameishi Afrika muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na tofauti nyingi zaidi za herufi ziko huku. Mwaka 2020 mpango wa H3Africa ulitoa matokeo ya watu 426 tu kutoka makundi 50 ya Afrika, na ndani yake zilipatikana tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Faida yake haibaki Afrika peke yake. Huko Dallas, Texas, mwaka 2005 watafiti waliona kwamba kama watu 2 katika kila 100 wa Wamarekani weusi wana jeni iitwayo PCSK9 iliyoharibika, na uharibifu huo ni neema, kwa sababu kolesteroli yao iko chini na mioyo yao ni salama. Miaka kumi baadaye dawa za kuiga uharibifu huo zilikuwa zinauzwa duniani. Kwetu hapa, uchunguzi wa aina hiyo ulionyesha kwamba aina ya damu iitwayo Dantu, inayoonekana zaidi kwa watu wa Kilifi, huifanya seli nyekundu iwe ngumu kupenywa na kimelea cha malaria.

Basi, damu yenu ina thamani ya kweli, na ndiyo maana hofu yenu si ujinga. Yako mambo yaliyotokea. Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, alichukuliwa seli za saratani mwaka 1951 bila kuulizwa; seli hizo zikazalishwa na kuuzwa katika maabara za dunia nzima, na mwaka 2013 jenomu yake ikachapishwa hadharani bila watoto wala wajukuu wake kuombwa ruhusa, ingawa sehemu ya herufi hizo ni zao. Walipolalamika, ikaondolewa, na mwaka huohuo wakakubaliana na taasisi za afya za Marekani kwamba wawakilishi wa familia watakaa kwenye kamati inayoamua nani aione. Wenyeji wa Havasupai, wanaoishi bondeni huko Arizona, walitoa damu kuanzia mwaka 1990 wakijua inatafuta chanzo cha kisukari, wakagundua baadaye kwamba imetumika kuchunguza maradhi ya akili na asili ya kabila lao, jambo lililogongana na wanachoamini kuhusu walikotoka. Mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Wasani, wenyeji wa kale wa Afrika Kusini, hawakungoja mahakama; mwaka 2017 waliandika kanuni zao wenyewe ambazo mtafiti hukabidhiwa kabla hajaanza.

Kuhusu mali, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Juni 2013, katika shauri la kampuni ya Myriad iliyokuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, juu ya jeni za BRCA1 na BRCA2 zinazohusiana na saratani ya matiti, kwamba jeni iliyotolewa mwilini kama ilivyo haiwezi kuwekewa hataza, kwa kuwa aliyeiona hakuitengeneza. Kilichotengenezwa kutokana nayo, kama dawa au kipimo, kinaweza. Hapo ndipo fedha ilipo, na ndipo fomu mliyotia sahihi inapohitaji kusomwa upya.

Tanzania, utafiti wa tiba unaohusu watu hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili, na nakala ya fomu ya ridhaa ni haki ya aliyesaini. Kaombeni. Msome kama inasema damu ni kwa ugonjwa uliotajwa tu au kwa "utafiti wa baadaye", kama inaweza kusafirishwa, itahifadhiwa miaka mingapi, na mtu akitaka kujitoa afanyeje. Kisha muulize jambo ambalo fomu nyingi hukaa kimya juu yake, yaani matokeo yatarudishwa kwenu lini na kwa lugha gani. Mtafiti mwaminifu hataudhika. Na katika mkutano wa kijiji msiliache jambo hili kwa kila mtu na dole gumba lake, kwa sababu kaka akitoa damu ametoa nusu ya habari za dada yake, na wajomba waliokataa wamesemewa bila kujua.

*Watoto wangu waliozaliwa huku wameninunulia kile kisanduku cha kutemea mate ili tujue asili yetu. Nitume?*
— Msomaji, Columbus, Ohio

Kabla ya kutuma, pima kisa cha 23andMe, mojawapo ya kampuni zilizokuwa maarufu kwa biashara hiyo ya kupima DNA kwa mate. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni waliingia katika akaunti zipatazo 14,000, lakini kwa kuwa wateja huunganishwa na jamaa zao wa damu, walipata habari za watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni iliomba kinga ya mufilisi, na ghala la mate ya wateja zaidi ya milioni 15 likawa mali ya kuuzwa, mpaka lilipochukuliwa na shirika lisilo la faida linaloongozwa na mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Aliyetema mate mwaka 2015 hakujua anamtemea nani mwaka 2025.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008, iitwayo GINA, inamkataza mwajiri na bima ya afya kukubagua kwa sababu ya jeni zako. Haikukingi kwenye bima ya maisha, ya ulemavu wala ya uangalizi wa uzeeni. Polisi nao, mwaka 2018 huko California, walimpata muuaji wa miaka mingi, Joseph DeAngelo, kupitia jamaa wa mbali walioweka DNA zao mtandaoni kutafuta ukoo. Muuaji mwenyewe hakuwahi kutuma chochote. Mtu hawezi kusikitika kwamba alikamatwa, ila njia iliyomfikia inawafikia na wasio na hatia.

Kuhusu asili yenyewe, usitegemee mengi. Hifadhi zao zina watu wachache wa Afrika Mashariki, na ramani itakayorudi huenda ikapaka rangi nchi nzima mahali ambapo shangazi yako angekutajia kijiji. Kama bado unataka, waulize kwanza ndugu zako wa damu walio huku na nyumbani. Nawe ukikataa, waambie watoto wampigie bibi yao simu wamrekodi.

*Assalaamu alaykum. Je, kubadilisha jeni za mtoto kabla hajazaliwa si kuingilia kazi ya Mwenyezi Mungu?*
— Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Hukumu ya dini iko kwa wanazuoni, nami sitajivika kilemba chao. Ninachoweza ni kukutenganishia mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tiba niliyomweleza mama wa Mwanza hubadilisha seli za damu za mgonjwa mwenyewe, na akifa hufa nazo, haziendi kwa watoto wake. Kubadilisha kiinitete, yaani mimba ikiwa bado changa kabisa, ni jambo lingine, kwa sababu badiliko huingia katika kila seli, pamoja na zile za uzazi, likaendelea kwa vizazi ambavyo havikuulizwa.

Hili la pili limekwisha kufanyika. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao alijaribu kuwabadilisha jeni ya CCR5 ili wasiweze kuambukizwa VVU, kwa kuwa baba yao alikuwa navyo. Palikuwa na njia za kawaida za kumkinga mtoto wa baba wa namna hiyo, kwa hiyo haja haikuwapo. Na herufi zilizobadilika hazikuwa hasa zile zilizokusudiwa. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Azimio la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu na haki za binadamu lilikuwa limesema tangu zamani kwamba jenomu, kwa maana ya ishara, ni urithi wa wanadamu wote, na lilitaja kubadilisha mbegu za vizazi miongoni mwa mambo yanayoweza kupingana na utu.

*Mume wangu anataka mtoto apimwe DNA kwa Mkemia Mkuu. Ninaogopa wakishapata damu yetu watajua na magonjwa ya ukoo wetu. Je, ni kweli?*
— Mama, Temeke, Dar es Salaam

Kwa kipimo hicho, hapana. Kupima uzazi si kusoma jenomu. Maabara hutazama sehemu kama 20 hivi za uzi, zilizochaguliwa kwa sababu herufi hurudiarudia kwa idadi inayotofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa kawaida sehemu hizo hazibebi maagizo ya ugonjwa. Kila mtoto ana nusu ya mama na nusu ya baba katika kila sehemu, na isiyolingana na mama hulinganishwa na ya baba. Huwezi kusoma humo kisukari wala selimundu.

Wala mume wako hawezi kwenda peke yake na unywele wa mtoto mfukoni. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na maombi hupitia kwa waliotajwa, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii, na hapo ndipo mahali pako pa kusema. Kabla ya siku ya kutoa sampuli, muulize afisa wa ustawi mambo haya: majibu atasomewa nani, mtakuwa mmeketi na nani mkisomewa, na mtoto atakuwa wapi wakati huo.